Mwongozo kamili: namna ya kumtafutia mzee wako nyimbo za ujana wake, zile zenyewe na sio za kubahatisha

Wengi wetu tukitaka kumfurahisha mzee nyumbani tunaingia YouTube, tunaandika "zilipendwa", tunachukua mkusanyiko wa kwanza wa masaa mawili tunamuwekea, halafu huyo tunaendelea na simu zetu. Mzee anasikiliza kwa heshima tu. Anatingisha kichwa kidogo, anakwambia "asante mwanangu, nzuri", baada ya dakika kumi anaomba taarifa ya habari. Sio kwamba hapendi muziki, ila ule mkusanyiko umechanganya miaka thelathini ya Tanzania, Kenya na Kongo kwenye chungu kimoja na nyimbo zake yeye labda ni mbili tu humo ndani. Zilipendwa ya babu sio zilipendwa ya mama, na ya mama wa Tanga sio ya mama wa Nairobi. Kazi ya mwongozo huu ni kukufikisha kwenye ule wimbo ambao ukianza tu gitaa mzee ananyanyua kichwa.

Inataka muda kidogo lakini haina gharama kubwa. Unahitaji daftari, simu yenye bando, flashi au memori kadi, na uvumilivu wa kusikiliza stori ambazo hujaziomba.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya miaka

Chukua mwaka wa kuzaliwa wa mzee, jumlisha 15, halafu rudi kwenye mwaka huohuo wa kuzaliwa ujumlishe 25. Hicho kipindi cha katikati ndo uwanja wako wa kutafuta. Binadamu wengi nyimbo zinazowaganda ni zile za umri huo, za kabla na baada anazijua tu lakini hazimshiki.

Mfano mzee kazaliwa 1938, basi uwanja wake ni 1953 mpaka 1963. Hapo usimpelekee Marijani Rajabu, mwimbaji wa miaka ya 70, mpelekee Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, au kama ni mtu wa Kenya mpelekee Fundi Konde, Fadhili William, Daudi Kabaka, na twist za John Nzenze. Kazaliwa 1948, sasa unaingia 1963 mpaka 1973, hapo ni Kilwa Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, NUTA, Tabora Jazz, na bila shaka Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Aliyezaliwa 1960 ni mtu wa 1975 mpaka 1985, na huyu ndo ana bahati kuliko wote kwa maoni yangu, mana amekuta Safari Trippers inamalizikia na Dar International inaanza, amekuta Mlimani Park, JUWATA, Vijana Jazz ya Hemed Maneti, Maquis, Simba Wanyika na Les Wanyika, vyote ndani ya miaka kumi.

Mwaka peke yake hautoshi lakini, weka na mahali. Aliyekulia Pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, usikimbilie dansi kabla hujauliza taarabu. Anaweza akawa mtu wa Black Star na Lucky Star za Tanga na sauti ya Shakila, au wa Juma Bhalo na Zuhura Swaleh wa Mombasa, au wa Culture Musical Club kule Zanzibar. Na aliyekulia Kigoma au Bukoba masikio yake mara nyingi yalikuwa Kongo zaidi kuliko Dar.

Hatua ya pili: muulize, ila usimuulize "ulipenda mwimbaji gani"

Swali hilo linamtia mzee kwenye mtihani. Atataja jina kubwa moja, Mbaraka au Franco, ili mradi akuridhishe, mazungumzo yameisha. Uliza vitu vya pembeni:

- Jumamosi jioni mlikuwa mnaenda wapi? (Ukisikia Arnautoglu, Amana, DDC Kariakoo, au Starlight ya Nairobi, tayari una mji na una kipindi.)
- Redio ilikuwa ya nani pale nyumbani, na nani alikuwa anaruhusiwa kuigusa?
- Uliwahi kutuma kadi ya salamu redioni? Uliomba wimbo gani?
- Kwenye harusi yenu ilipiga bendi gani, au ilikuwa santuri?
- Nani mtaani alikuwa na suruali ya bugaluu ya kwanza na viatu vya raizoni?

Hilo la mwisho linaonekana la mchezo ila ndo linalofungua watu. Mzee akishafunguka wewe nyamaza, andika. Usimkatishe kumwambia "huo wimbo naujua", na usimsahihishe mwaka, utaurekebisha mwenyewe baadae.

Mwambie pia aimbe. Wazee wengi hawajui jina la wimbo, wanajua kipande. Ba'mdogo mmoja kwetu alikuwa anautafuta wimbo ambao hajui jina, hajui bendi, anakumbuka tu kwamba "kuna mahali gitaa linaachwa peke yake halafu wanaingia matarumbeta". Nikamuwekea NUTA, "siyo". Nikamuwekea Mlimani, "sauti ndo hiyohiyo, ila bendi siyo". Sasa hapo ukiwa hujui historia ya bendi unaweza kudhani mzee anachanganya mambo. Alikuwa sahihi kabisa: sauti ilikuwa ya Muhidin Gurumo, na Gurumo kapita NUTA, kaja Mlimani Park, kaenda Orchestra Safari Sound, karudi tena Msondo, ambayo ni ile NUTA kwa jina jipya. Ukiambiwa "sauti hiyo, bendi siyo", mfuate mwimbaji bendi hadi bendi.

Kwa hiyo kwenye daftari andika kila alichosema hata kama hakieleweki. Kipande cha maneno, jina la ukumbi, "yule aliyekuwa na sauti nyembamba", "ule wa msichana aliyekataa shule". Vyote vina kazi.

Hatua ya tatu: geuza alichosema kiwe kitu cha kutafutika

Hapa ndo watu wengi wanakwama, mana mzee anasema jina moja na mtandaoni wameandika lingine. Kuna mitego minne.

Mtego wa kwanza ni bendi kubadilisha majina. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, bendi ni ileile. Mlimani Park iliyoanza 1978 wengine wanaiita Sikinde tu, wengine DDC Mlimani. Maquis kuna "Maquis du Zaire" na "Maquis Original". OK Jazz na TPOK Jazz ya Franco ni hiyohiyo. Mzee wa miaka ya 60 atakwambia Rochereau, ukiandika Rochereau peke yake utapata za mwanzo, ukitaka za baadae andika Tabu Ley. Tafuta kwa majina yote.

Pili, kuna bendi ambayo jina limebaki lakini mtu kabadilika. Mfano mzuri ni Cuban Marimba. Salum Abdallah alifariki kwa ajali 1965, bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Sasa mzee akikwambia "mimi wangu Cuban Marimba", angalia ile hesabu ya hatua ya kwanza, kama ujana wake ni wa miaka ya 70 basi anamsema Kilaza, usihangaike na Salum. Vilevile Mbaraka, mpaka 1973 yuko Morogoro Jazz, baada ya hapo ni Super Volcano mpaka alipofariki kwa ajali Mombasa Januari 1979. Marijani naye kuna wa Safari Trippers na kuna wa Dar International, na kuna wazee wanaoapa kwamba ni wa Trippers tu, hao wengine hawataki kuwasikia. Mwache na msimamo wake.

Tatu ni mitindo. Bendi zilikuwa na mitindo yake na mzee anaweza kuutaja mtindo akidhani ndo wimbo. Akisema Saboso, ni Western Jazz. Sokomoko, Safari Trippers. Kamanyola, Maquis. Kiweke, Atomic Jazz ya Tanga. Masika ni Mbaraka na Volcano. Koka koka, Vijana Jazz. Segere ni Tabora Jazz. Dukuduku, Safari Sound. Andika hizi kwenye jalada la daftari, zitakuokolea masaa.

Na mtego wa nne ni ukoo wa Wanyika, mana hata sisi tunaojifanya wajuzi tunachanganya. Simba Wanyika ni ya kina Wilson na George Peter, watu wa Tanga waliohamia Kenya. Les Wanyika walijitoa humo 1978, hao ndo wa "Sina Makosa". Super Wanyika ni ya Issa Juma, huyo ndo wa "Sigalame". Mzee akisema "Wanyika" tu, andaa zote tatu umuwekee kipande kipande achague.

Hatua ya nne: tafuta, na uhakikishe ni rekodi yenyewe

Anza YouTube, mana wakusanyaji wa santuri wamepandisha vitu vingi sana huko, ila badilisha badilisha tahajia. Mwinshehe na Mwishehe. Marijani na Marijan, Rajabu na Rajab. Maneti na Manet. Usiandike jina la wimbo peke yake, weka na bendi.

Jambo la muhimu ambalo watu hawalijui: santuri ndogo za enzi zile upande mmoja ulikuwa hauwezi kubeba wimbo mzima wa dansi, kwa hiyo wimbo ulikatwa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mtandaoni mara nyingi mtu amepandisha upande mmoja tu. Na mara nyingi sehemu ya pili ndo yenye chemko, ndo mahali watu walikuwa wanajimwaga ukumbini. Ukimpelekea mzee sehemu ya kwanza peke yake umempa salamu bila chakula, atakuangalia atakuuliza "mbona umekata?" Tafuta sehemu ya pili mpaka uipate, ukiipata ziunganishe.

Kingine ni marudio. Nyimbo nyingi zimerudiwa miaka ya baadae, wakati mwingine na bendi hiyohiyo, wakati mwingine na vijana kwa kinanda. Kwako wewe zinafanana. Kwa mzee siyo yenyewe na atajua ndani ya sekunde tano. Dalili za marudio ni hizi: ngoma inagonga sawasawa kama mashine, kinanda kimechukua nafasi ya matarumbeta, sauti safi mno. Rekodi yenyewe ina mkwaruzo kidogo, magitaa mawili au matatu yanaongea kwa pamoja, na besi imekaa nyuma.

Halafu elewa kitu kimoja kuhusu Tanzania. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na nyimbo zikapigwa redioni kutoka kwenye zile tepu kubwa. Bendi zilizotaka santuri zilienda Nairobi. Ndo mana wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili, ya RTD na ya Nairobi, na mzee aliyekuwa anasikiliza redio kijijini anaijua ya RTD tu. Na ndo mana kuna nyimbo ambazo hazikuwahi kuwa kwenye santuri kabisa, zimebaki kwenye maktaba ya redio ya taifa, ambayo sasa ni TBC. Ukikwama kabisa, vipindi vya zilipendwa vya TBC Taifa, na KBC kwa upande wa Kenya, ni msaada mkubwa, watangazaji wao wengine ni kamusi zinazotembea. Kaa na simu tayari kurekodi.

Usipitwe na wazee wenzake pia. Majirani wa rika lake, na hasa waliokuwa wanapiga muziki wenyewe hata kama ni bendi ya wilaya tu, wana kaseti kwenye mabegi.

Hatua ya tano: ukipata kaseti

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kaseti za nyumbani zinauliwa na haraka.

Kabla ya yote vunja vile vijipande viwili vya plastiki juu ya kaseti kama bado vipo, ili asije mtu akabonyeza rekodi akafuta. Kisha iangalie. Mkanda umelegea? Ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu uzungushe taratibu mpaka ukaze. Kile kijisponji kidogo katikati, kinachosukuma mkanda uguse kichwa cha redio, kipo? Kama kimedondoka sauti itakuwa ya mbali mbali, hamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine lenye skrubu.

Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, acha kikauke. Peleka kaseti mbele mpaka mwisho, irudishe, ndo uicheze, mana mkanda uliokaa miaka unakuwa umegandana. Kama umekatika usiunge na selotepu ya kawaida, gundi yake inayeyuka inachafua kichwa na inashikana na mizunguko ya jirani. Kuna tepu maalum ya kuungia, itafute au mpe fundi mwenye uzoefu.

Kurekodi: waya wa pini ndogo kutoka tundu la hedifoni la deki kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kwenye kompyuta nyingi za sasa tundu hilo lina kazi ya maiki tu, kwa hiyo utahitaji kile kidude cha yuesibii cha kuingizia sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka sauti ya deki kati, angalia mshale usiguse nyekundu hata kwenye matarumbeta, mana sauti ikishapasuka haitengenezeki tena. Kaseti ya 60 ni nusu saa kila upande, ya 90 ni dakika 45, kwa hiyo iache iende mwenyewe, ufanye kazi nyingine. Hifadhi kwanza kama WAV, hiyo ndo nakala mama, halafu toa MP3 za kusikiliza.

Sikiliza kama wimbo unaburuza au unakimbia. Mpira wa ndani wa deki ukilegea mwimbaji anakuwa kama anasinzia, na utalaumu kaseti bure. Jaribu kaseti nyingine kwanza.

Usiondoe mikwaruzo yote kwa kompyuta. Wanaosafisha sana wanaondoa na manyanga na ile hewa ya ukumbi, wimbo unabaki kama umeimbiwa ndani ya ndoo. Punguza kidogo, acha.

Santuri kwa kifupi: hakikisha mwendo ni sahihi, nyingi ndogo ni za 45, na zile nzito za zamani za 78 usiziwekee sindano ya kawaida, zina sindano yake nene. Kama huna vifaa mpelekee mtu mwenye navyo, usijaribu jaribu.

Hatua ya sita: muwekee kwenye kitu anachoweza kukiendesha mwenyewe

Usimpe simu janja umwambie "bonyeza hapa, halafu hapa, tangazo likija ruka". Redio ndogo ya kuingiza flashi au kadi, yenye vitufe vikubwa, ndo jibu. Flashi iwe imefomatiwa FAT32, redio nyingi hazisomi aina nyingine. Faili ziwe MP3, na mwanzoni mwa jina weka namba, 01, 02, 03, mana baadhi ya redio hizi zinapanga kwa majina. Ukitaka wimbo wa harusi yao uanze, upe 01.

Usijaze nyimbo mia tano kwa sababu nafasi ipo. Ishirini mpaka thelathini zilizochujwa zinashinda. Acha mbili tatu zisizo za kwenye daftari, za miaka ileile na mji uleule, uone kama kuna alilosahau.

Sabufa la sebuleni liache kwa ajili ya nyimbo zenu. Besi inameza magitaa, na masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo punguza besi, ongeza kidogo sauti nyembamba (treble), weka redio karibu naye badala ya kuongeza sauti.

Hatua ya saba: kaeni msikilize

Nusu saa inatosha, jioni, televisheni imezimwa. Usimuulize maswali katikati ya wimbo. Akianza kuimba usiimbe naye kwa nguvu ukamfunika.

Jiandae kwamba nyimbo nyingine zinaleta kilio. Wimbo aliokuwa anaupenda marehemu mume wake, au ule wa mwaka waliozika mtoto. Muulize kama uendelee au ubadilishe, mara nyingi atasema acha. Wimbo wa Remmy Ongala wa kifo ni mzuri kupita kiasi ila usiuweke wa kwanza kwa mtu aliyetoka kuzika.

Kwa mzee aliyeanza kusahau sahau, nyimbo hizi mara nyingi zinabaki hata majina ya wajukuu yakipotea. Sio dawa, usitegemee kesho akuite kwa jina lako. Muwekee ule aujuao zaidi, mmoja, rudia. Asivalishwe hedifoni kama zinamshtua, na akionyesha kukereka zima, jaribu siku nyingine saa nyingine.

Na kuna wazee walioacha dansi kwa sababu ya dini, usiwalazimishe wala usiwatanie. Kwa aliyeokoka kuna njia ya katikati: Cosmas Chidumule aliyeimba "Neema" na Mlimani Park baadae akahamia injili, na Remmy naye alimalizia injili. Sauti anazijua, maneno hayamkwazi. Wapo wanaosikiliza hizo mwezi mzima halafu siku moja wanauliza kwa sauti ya chini kama ule mwingine upo pia. Uwe nao kwenye flashi, mwishoni kabisa, namba 30.

Ukimaliza tengeneza flashi ya pili yenye vitu hivyohivyo uifiche. Ya kwanza itaazimwa na mzee mwenzake na haitarudi.